BARABARA PIA NI MAHALI PA KAZI: TUWAANDIKIE WADEPITE

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambi,

Kwenye mulango wa kila kazi kuna ubao unaohesabu siku ambazo tumetumika bila ajali. Kila asubuhi namba inaongezeka, na siku ikifika 100 ao 200 tunapiga makofi. Ubao huo unasema kweli, lakini ni kweli ya ndani ya uzio tu. Mufanyakazi aliyevunjika muguu akienda nyumbani juu ya pikipiki hayuko ndani ya namba ile. Mutoto wake aliyegongwa akienda masomoni hayumo kabisa. Mimi ninayeandika ni musaidizi wa muganga, si mutu wa politike, na haya ni mawazo yangu mwenyewe. Lakini wagonjwa wa barabara wananifikia mimi mbele hawajafika kwa mutu mwingine, na kwa hiyo ninaona ni haki yangu kusema.

Tuangalie mambo namna yanavyokuwa. Ndani ya mine mufanyakazi anavaa kofia, viatu vya chuma na kizibao chenye kung'aa. Akipanda motokari anafunga mukanda. Mbele ya kuingia anapuliza katika mashini ya pombe. Mbio ya kila njia imeandikwa, na shofere anayepita kiasi anaitwa kwa mukubwa wake siku ile ile. Kiisha saa ya kazi inakwisha. Mufanyakazi yule yule, mwenye akili ile ile, anavua kofia, anapanda manseba wakiwa watu watatu juu ya pikipiki moja, na manseba anapita katikati ya kamyo mbili zenye kubeba tani 30 kila moja. Hakuna anayemuita kwa mukubwa. Hakuna hata alama ya mbio kwenye mti.

Sheria ya nchi yenyewe inajua kwamba barabara ni sehemu ya kazi. Sheria ya usalama wa jamii ya 2016, ile inayoongoza CNSS, inahesabu ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi kuwa ajali ya kazi. Hii ni vizuri kwa baba anayetumika. Lakini mama anayeuza mikate pembeni ya barabara hana CNSS. Kijana anayesukuma kinga yenye magunia ya makala, naye hana. Mutoto wa masomo, vivyo hivyo. Kwa hao sheria inakuja nyuma, na mara nyingi haiji.

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2021 watu 1.190.000 walikufa kwa ajali za barabara duniani pote. Karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa wa nchi zenye uchumi mudogo ao wa katikati, yaani nchi kama yetu. Na kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, barabara inaua kupita ugonjwa wowote mwingine. Tunawapiga watoto chanjo, tunawalalisha ndani ya chandarua, tunachemsha maji, kiisha tunawatuma masomoni kwa kuvuka njia ya kamyo.

Kwetu Lualaba na Haut-Katanga mambo yana sababu yake. Mwaka wa 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Pigeni hesabu: kama kamyo moja inabeba tani 30, tani milioni 3 ni safari 100.000 za kutoka. Tuondoe sehemu inayopita kwa reli ya Lobito, ambayo imeanza tena kubeba shaba yetu. Kazi kubwa ingali ya kamyo. Na kamyo haziji mikono mitupu tu. Zinaleta asidi, chokaa, mazuti, mashini na unga. Zinatoka Kasumbalesa, zinapita Lubumbashi na Likasi kwa Nasionali ya 1, kiisha zinachukua ya 39 kwenda Kolwezi. Ni karibu kilometa 300 kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, na pembeni ya kilometa hizo kuna vijiji, masoko, makanisa na masomo. Barabara ilipotengenezwa vizuri tulifurahi wote, maana zamani ya matope tuliilia. Lakini barabara nzuri bila alama ni barabara ya mbio.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaliona lakini hawalisemi. Sisi tunatembea mukono wa kuume. Zambia na nchi za kusini wanatembea mukono wa kushoto, na usukani wao uko upande wa kuume. Shofere anapovuka mpaka na kamyo yake, anakaa upande wa majani. Akitaka kupita kamyo iliyo mbele, inafaa atoe nusu ya kamyo yake katikati ya barabara ndipo aone kama njia iko wazi. Simlaumu. Mahali alipokaa ndipo anapokaa. Lakini yeye anayekuja mbele juu ya pikipiki inafaa ajue kwamba shofere hamuoni bado.

Sasa tuseme juu ya mbio, maana hapa ndipo muganga na fundi wa motokari wanasema neno moja. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inakula karibu metre 17 kwa segonde moja. Segonde moja ndiyo wakati ambao shofere mwenye afya, asiyekunywa, asiyelala, anahitaji ili muguu wake ufike kwenye freni. Basi metre 17 zimekwisha mbele freni haijaanza kushika. Kwa kilometa 30 ni metre 8 tu. Tena ukizidisha mbio mara mbili, njia ambayo motokari inakula tangu freni kushika mpaka kusimama haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Na Shirika la Afya linafundisha kwamba mutu wa miguu aliyegongwa na motokari ya kilometa 65 ana hatari ya kufa mara 4 na nusu kuliko akigongwa na ile ya kilometa 50. Tofauti ni kilometa 15, na shofere hawezi kuisikia tofauti hiyo kwenye kiti chake. Mutoto anaisikia kwenye mifupa.

Tunakumbuka Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Kamyo yenye asidi iligongana na basi la watu na motokari nyingine, asidi ikamwangika, na watu karibu 20 wakafa. Tunakumbuka pia Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: kamyo ya mazuti iliyopinduka iliwaka moto, na zaidi ya watu 230 wakafa, wengi kati yao waliokuja kuangalia ao kuchota. Na Oktoba 2018 Mbuba, Kongo ya Kati, moto wa kamyo ya namna ile tena. Kila mara wakubwa walikuja, walilia nasi, walitoa masanduku. Mimi ninauliza nini kilichoandikwa katika sheria ao katika bajeti nyuma ya masanduku yale. Kama kitu hakikuandikwa, kilio kilikuwa kilio tu.

Kwenye kambi nyingi jibu letu la kwanza ni moto. Mutoto anagongwa, vijana wanatoka, wanafunga barabara na matairi, wanachoma kamyo. Ninajua uchungu wao, sitaki kuwafundisha namna ya kulia. Lakini niseme ninachokiona mimi kwa dispanseri. Wakati kamyo inawaka, mutoto aliyeumia amelala pembeni na hakuna anayemushika kichwa. Ambulansi haiwezi kupita kwa sababu ya matairi. Shofere, ambaye angeweza kumubeba kwa motokari ya kwanza, amekimbia porini kwa kuogopa kuuawa. Na shofere yule ni nani? Mara nyingi ni shemeji ya mumoja wetu, ametumika saa 14, amelala chini ya kamyo yake siku tatu Kasumbalesa. Kesho yake polisi wanashika vijana, na kesho kutwa kamyo nyingine inapita kwa mbio ile ile. Moto unachoma kamyo moja. Kamyo 100.000 zinabaki.

Wengine wanajifanyia dodane wenyewe, kwa udongo na magogo. Hii nayo ninaipinga, hata kama wanaoifanya wana nia nzuri. Dodane isiyopakwa rangi, isiyo na alama mbele yake, inaangusha manseba usiku. Nimeshona videvu vya kutosha kwa sababu ya dodane za namna hiyo.

Basi tufanye nini? Kuna chombo ambacho tunacho na hatukitumii. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 27, inasema kila Mukongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mukubwa yule anapashwa kujibu katika miezi mitatu. Inaongeza kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kwa namna yoyote, kwa sababu ya kufanya ombi la namna ile. Nimeandika maneno hayo polepole ili mababa wanaowakatazia bibi zao kutia sahihi wayasome mara mbili.

Maana jambo lenyewe limekwisha anza. Akina mama wa mutaa wetu wametengeneza karatasi ya kuomba usalama mbele ya masomo, na katika nyumba nyingi baba amesema: “Usiweke jina letu, kazi yangu itapotea.” Ninaelewa woga huo. Baba mwenye watoto sita hachezi na mushahara. Lakini ombi la barabara halipelekwi kwa kompani, wala halimushitaki mutu. Linapelekwa kwa mudepite, ambaye sisi ndio tuliomuchagua, juu ya barabara ambayo ni ya Leta. Mwingine akasema: “Kamyo zile zinabeba shaba yetu, tukizizuia tunajinyima posho.” Ndugu, hakuna anayeomba zizuiwe. Ndani ya mine kamyo kubwa kuliko hizo zinatembea usiku na mchana, na bado zinasimama mahali palipoandikwa zisimame. Uzalishaji haukufa kwa sababu hiyo.

Tena si sisi wa kwanza. Katika nchi ya Uholanzi, mwaka wa 1971, zaidi ya watu 3.000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mumoja wa magazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake, aliandika makala na kuwaita wazazi wengine. Wakajiunga chini ya jina lililomaanisha “Acheni kuua watoto”. Walifunga mitaa ili watoto wacheze, na walikwenda kwa baiskeli mpaka kwenye mulango wa Waziri wa kwanza wakiimba. Hawakuwa matajiri wala watu wa chama kimoja. Katika 1976 sheria ya nchi ile ilikubali mitaa ya nyumba ambamo motokari inakwenda polepole kama mutu wa miguu. Watu wanaosema leo kwamba Wazungu wa Uholanzi walizaliwa na akili ya baiskeli hawajui kwamba akili hiyo iliombwa, iliandikwa na ilililiwa.

Marekani vilevile, mwaka wa 1980, mama mumoja wa Kalifornia, Candy Lightner, alifiwa na binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na shofere mulevi. Alianza na hasira yake na wamama wengine. Miaka minne nyuma yake, katika 1984, wabunge wakapiga sheria ya kuzuia vijana wasiofika miaka 21 kununua pombe: jimbo lililokataa lilipunguziwa feza za barabara. Nimeipenda sana sehemu hiyo ya feza. Mbunge anaelewa huruma, lakini bajeti anaielewa zaidi.

Na hapa karibu, Zambia, ambako kamyo zetu zinapita: tangu 2016 walikataza mabasi ya watu kutembea usiku, kutoka saa 3 ya usiku mpaka saa 11 ya asubuhi. Unaweza kupenda sheria ile ao kuichukia. Lakini ni sheria, na inaonyesha kwamba saa za barabara zinaweza kupangwa.

Kuna wanaosema kwamba Kongo haina sheria. Si kweli. Kode ya barabara tunayo, ni sheria ya tarehe 30 Agosti 1978. CNPR iko, kazi yake ni kuzuia ajali. Tangu 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara, ambao tunaulisha sisi wenyewe kila mara tunaponunua mazuti. Péage tunalipa. Sheria ya madini ya 2018 nayo inagawanya kodi ya madini hivi: 50% kwa Leta, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta, chefferie ao commune mahali mine iko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inaomba kila kompani iweke angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa mahali. Basi mutu akikuambia hakuna feza ya rangi nyeupe na alama mbili za masomo, mwulize kwa heshima amesoma sheria gani.

Kuuliza ndiyo kazi ya mudepite pia. Artikle ya 138 ya Katiba inamupa chombo: anaweza kumuandikia waziri swali, kumwuliza kwa mudomo, kuomba uchunguzi. Swali lenyewe linaweza kuwa fupi sana: feza ya barabara iliyotoka kwa jimbo letu mwaka huu imefanya nini kwa mutu wa miguu? Mudepite ambaye hakuulizwa na watu wake hatauliza. Na huwezi kumukasirikia kwa jambo ambalo hukumuambia.

Tujue vizuri nani ni nani. Barabara ya Nasionali ni ya Kinshasa, ndiyo kazi ya Office des Routes, na anayeweza kuisemea ni mudepite wa taifa. Njia za muji na saa za kamyo kupita mitaani, tuwaulize kwanza wadepite wa jimbo, gavana na meya. Kwa hiyo barua iende kwa wote wawili, na kopi kwa CNPR. Bunge la taifa linafungua vikao vyake tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Barua inayofika Desemba imechelewa, bajeti imekwisha kupikwa.

Sasa niseme juu ya barua yenyewe, maana nimeona nyingi zinazoshindwa kwa sababu zinaomba dunia nzima. Zinaanza na maji, zinapita kwa umeme, zinaingia kwa mushahara wa walimu, na barabara inakuja ukurasa wa nne. Mudepite anasoma mistari kumi, anaiweka kwenye kabati. Ombi moja, mahali pamoja. Na mbele ya kuandika, hesabuni. Watu wawili wakae pembeni ya masomo, mbali kidogo na lami, siku tatu za kazi, kutoka saa 12 na nusu mpaka saa 2 ya asubuhi, na waweke kijiti kwa kila kamyo. Hesabu iliyofanywa na mama mwenye daftari ina nguvu kupita hotuba. Mufano ni huu:

“Kwa Waheshimiwa Wadepite. Sisi wakaaji wa mutaa huu, tuliotia sahihi hapa chini, tunatumia haki ya artikle 27 ya Katiba. Mbele ya masomo ya watoto wetu, siku fulani, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 ya asubuhi, tulihesabu kamyo kadha wa kadha. Watoto kadha wa kadha walivuka wakati ule ule. Hakuna alama, hakuna dodane iliyopakwa rangi, hakuna njia ya miguu. Tunaomba alama ya kilometa 30 pamoja na dodane mbili zenye rangi; na kamyo za mizigo zisipite hapa saa za watoto kuingia na kutoka. Tunangoja jibu katika miezi mitatu.”

Haipashwi kuwa ndefu kuliko hapo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, basi iandikwe Kiswahili, lakini tufanye na kopi ya Kifaransa, maana ndiyo lugha ya maofisi. Mukipeleka, musiache barua mikononi mwa mulinzi wa mulango. Muombe muhuri na tarehe juu ya kopi yenu. Bila muhuri miezi mitatu haina pa kuanzia, na watawaambia hawakuona kitu.

Wengine wangetaka tuombe kamyo zitembee usiku tu. Mimi siko pamoja nao. Usiku kamyo iliyoharibika inalala katikati ya barabara bila taa, na alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa nyuma. Mufanyakazi wa zamu ya usiku anayerudi juu ya pikipiki anayaona matawi yale kwa segonde ya mwisho. Saa za masomo zinatosha kwa kuanza: saa moja na nusu asubuhi, na muda kidogo saa sita. Kamyo iliyongoja siku tatu kwenye mpaka inaweza kungoja saa moja na nusu kwa ajili ya mutoto. Lakini kwa kungoja inahitaji uwanja pembeni, nje ya lami, na hapa ndipo ile 0,3% ao ile 15% inaweza kufanya kitu cha kuonekana.

Niongeze jambo la kazi yangu, hata kama si la wadepite. Ukifika mahali pa ajali, kwanza simamisha motokari zinazokuja, ili wewe usiwe wa pili. Damu inayoruka, iminye kwa nguvu na kitambaa safi, usiachilie kuangalia. Aliyeanguka kwa kichwa ao kwa mugongo, usimukalishe, usimuvute kwa mikono, usimupatie maji ya kunywa. Shika kichwa chake kisichezecheze mpaka watu wa ambulansi wafike. Kama kamyo ni ya mazuti, rudi nyuma na watoto wote, hata kama majirani wanachota. Kama ni ya asidi, usikanyage kile kilichomwangika wala usisimame mahali moshi unapokwenda. Aliyeguswa na asidi avuliwe nguo na amwagiwe maji mengi, dakika 20 ao zaidi, mbele ya kumupakia. Mafuta ya mawese na dawa ya meno hayasaidii kitu. Na ninyi mnaopanda manseba kila siku: kofia ya pikipiki iliyofungwa chini ya kidevu inapunguza sana majeraha ya kichwa. Kofia ya mine si kofia ya pikipiki, haikutengenezwa kwa kuanguka.

Najua kuna watakaosema: tulikwisha kuandika zamani, hakuna aliyejibu. Inawezekana. Lakini niliuliza wazee wawili wanaosema hivyo, na wote wawili hawakuwa na kopi yenye muhuri. Katiba haisemi mudepite atakubali, inasema atajibu. Jibu la “hapana” ni karatasi pia. Unaweza kulisoma mbele ya watu kanisani, unaweza kulipeleka kwa redio, unaweza kulitoa siku anapokuja kuomba kura. Kila mwaka, siku ya Mungu ya tatu ya mwezi wa Novemba, dunia inakumbuka waliokufa barabarani. Umoja wa Mataifa uliikubali siku hiyo katika 2005. Ni siku nzuri ya kusoma majibu, ao kusoma majina ya wale ambao bado hawajajibu.

Wadelege wa sendika nao nawaomba kitu kimoja. Kwenye mikutano ya usalama na usafi mahali pa kazi, ulizeni kwamba ajali za njiani ziandikwe katika daftari lao wenyewe, hata zile za bibi na watoto wa kambi. Sisi wa dispanseri tunaweza kutoa hesabu bila majina ya wagonjwa. Ubao wa mulangoni ubaki namna ulivyo. Tuweke mwingine pembeni yake.

Karatasi ya akina mama iko kwenye fuaye kila siku ya posho, kutoka saa 8 ya mchana. Kuhesabu kamyo kutaanza juma la kwanza la masomo, na watu wa zamu ya usiku wanaorudi asubuhi wanaombwa wasaidie, maana wao wako barabarani saa ile. Mje na kadi ya kura ili jina liandikwe sawasawa. Asiyejua kuandika ataweka kidole, wino upo. Na baba ambaye bado anaogopa, bibi yake ana kadi yake mwenyewe.